Kijana wa Mama kwenye Ligi ya Simu

Niseme mapema: mimi si mtu wa kusamehe haraka, na yule fundi simu wa Kawangware, pale steji ya 46, sijamsamehe. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye ligi. Nilimpelekea simu abadilishe kioo, nikamkuta anapanga kikosi kwenye yake: timu ya kubuni, wachezaji wa kubuni, lakini mameneja ni watu wa kweli, wengi wao mafundi na wauza duka wa Kibera na Kawangware. "Msusi kama wewe utaiweza hii?" akaniuliza akicheka. Kuambiwa mimi sitaweza! Siku hiyo hiyo nikafungua timu.

Alinifundisha vizuri, sitadanganya. Jinsi ya kumsajili mkongwe anayekaribia kustaafu ili awanoe vijana. Jinsi ya kumwandikia meneja mwenzako kwa adabu ukimtaka mchezaji wake. Na ligi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: chipukizi aliyelelewa na mtu haguswi mpaka mwenyewe aseme anamuuza. Ukimnyakua, wewe huna tofauti na wale wanaoanua nguo za watu kwenye kamba.

Hiyo game inakuruhusu kumpa chipukizi wako jina. Wangu wa kwanza alitokea kuwa mshambuliaji wa mguu wa kushoto, nikampa jina la ndugu yangu. Ndugu yangu alikuwa kitinda mimba wetu, naye pia wa mguu wa kushoto, na homa ya mapafu ilimchukua kabla hajamaliza shule. Tangu tumzike, mama hakuwa anamtaja. Nilipomwonyesha lile jina kwenye simu niliogopa atalia. Akapangusa kioo kwa leso yake, akauliza, "Na anacheza lini?"

Basi ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani, akikatakata sukuma wiki mlangoni kwetu Kianda, huku Kibera, lazima aulize, "Leo amefunga?" Nikisema amefunga, anaimba. Mengine ya hiyo game hakuyaelewa, wala hakutaka kuelezwa.

Fundi aliyajua haya yote. Nilimwambia mwenyewe nikilia pale kwenye kibanda chake, akanipa tishu.

Sasa, kwetu stima hupotea. Transfoma ikilipuka mtakaa gizani mpaka mzoee. Kwa hivyo wana ligi tulikuwa na desturi: kwenu kukiwa giza, unampa mwenzako mwenye stima neno lako la siri, anakupangia kikosi. Wengine wataita huo ujinga. Kwetu ulikuwa ujirani. Mimi mwenyewe niliwahi kumpangia meneja mmoja wa Soweto West, hapa hapa Kibera, kikosi cha kunifunga mimi, na akanifunga kweli.

Transfoma yetu ilipolipuka, niliazima kabambe ya jirani, ile simu ndogo ya vitufe, nikampigia fundi na kumpa neno langu la siri. "Nipangie kikosi tu," nikamwambia. "Na kandarasi ya kijana inaisha, usisahau kumwongezea."

"Tulia, siste. Huyo ni wetu sote."

Wetu sote! Stima iliporudi nilichaji, nikafungua, nikakuta kikosi kimepangwa safi na mechi tumeshinda. Lakini kijana hayupo. Nikatafuta mpaka nikamwona, kwenye timu ya fundi. Hakumuuza. Aliiacha tu kandarasi iishe, kijana akabaki huru, naye akamsajili pale pale kabla mtu mwingine hajajua.

Nilienda mpaka 46 kwa miguu, sega bado liko kichwani. Akanisogezea stuli. Sikuketi.

"Sijaiba," akasema kabla sijafungua mdomo. "Soma sheria za game. Kandarasi iliisha."

"Si nilikuambia uongeze?"

"Siste, fainali ni Jumapili na sina straika. Ningekuomba, ungenipa?"

"Singekupa."

"Si unaona?" Na akaendelea kufungua simu ya mtu.

Fainali yenyewe alikuwa anacheza na nani? Na mimi! Nikalalamika kwenye grupu la ligi. Wengi wakacheka, eti huo ndio usajili, eti hii ni game tu, madam. Yule wa Soweto West aliandika "hiyo si poa," basi. Iliniuma, aki. Kushindwa nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba siku ile ya tishu nilidhani nina rafiki, kumbe mwenzangu alikuwa anachunguza mchezaji.

Jumapili ikafika. Kabla ya mechi, game inakuuliza mabeki wako wakabe vipi: kwa upole, au wakate miguu. Nilikuwa na hasira ya kukata miguu ya timu nzima. Kidole kikafika pale, nikaliona lile jina upande wa wapinzani. Nikabonyeza upole.

Mama alikuwa mlangoni na sukuma yake. Mechi ilikuwa inaelekea kuisha, bila kwa bila, ndipo jina la ndugu yangu likatokea kwenye kioo na alama ya bao. Nikaruka nikipiga kelele ya furaha, mikono juu, kabla sijakumbuka aliyefungwa ni mimi.

Mama akaacha kisu. "Amefunga?"

"Amefunga, mama."

Hakuuliza amemfunga nani. Akaanza kuimba, nami nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kumsaidia kukata mboga.