Kelele ya Upande wa Kushoto

Mwalimu alinipiga kofi la sikio la kushoto nikiwa darasa la tano, katika shule moja ya milimani, njia ya kwenda Mtae. Alikuwa ameniita mara mbili niende ubaoni, nami nilikuwa natazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Sikumsikia. "Wewe kiziwi?" akauliza, halafu akapiga. Kiganja chake kilikuwa kipana, kikavu kwa chaki. Nilisikia mlio kama wa bati linalochanwa, kisha upande ule wa dunia ukanyamaza. Damu kidogo ilishuka hadi kwenye kola ya shati.

Nyumbani mama alinitilia mafuta ya vuguvugu. Baba alipoambiwa, aliuliza nimemkosea nini mwalimu, na kabla sijajibu akachomoa mkanda. Alikuwa mzee wa kanisa na aliamini mtoto hapigwi bure. Alinichapa mpaka nikajikojolea. Sikio halikutajwa tena pale kwetu. Mimi nikajifunza kukaa dawati la mwisho upande wa kushoto, ili darasa zima liwe kulia kwangu.

Nilipokua nikawa fundi pikipiki Lushoto mjini. Nina kibanda cha mabati jirani na soko, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea. Habari za sikio sikumwambia mtu, hata yeye. Nani atampelekea injini fundi asiyesikia? Na kusikia, nasikia. Shida ya sikio moja ni kwamba halijui sauti inatoka wapi. Ukiniita barabarani nageukia kulia, hata kama umesimama kushoto. Kwenye injini nilijisaidia kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio zima.

Siku moja ya soko, miaka michache iliyopita, mwalimu aliingia kwenye kibanda changu akisukuma pikipiki. Nilimjua kwa mabega, kabla hajavua helmeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Hakunitambua. Alishastaafu, anakaa Vuga, analima. Pikipiki ilikuwa ileile aliyokuwa akija nayo shuleni, ya silinda moja, tangi limepauka hadi rangi haijulikani.

"Inagonga," alisema. "Ko, ko, ko. Ikishapata moto tu. Nikipanda kutoka Soni nadhani itapasuka. Ifungue yote, uitengeneze upya."

Ningeweza kukataa. Nilimwambia aiache.

Injini ile sikuifungua kama fundi. Silinda ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kiti chake, na kila anayejua kazi angeimwagia mafuta akasubiri. Mimi niliweka kipande cha mti nikaanza kupiga nyundo, na kila pigo nilimwona yeye. Nati moja ilikataa, spana ikachomoka, ngozi ya vifundo vya vidole ikabaki kwenye chuma. Sikufunga kidonda. Niliendelea huku damu ikichanganyika na oili.

Silinda niliipeleka Tanga ikachongwa. Nikaweka pistoni mpya, ringi mpya, konrodi mpya, ule mkono unaosukumwa na pistoni, beringi zote mpya. Nikafunga. Kiki ya tatu ikawaka, na pamoja na chuki yangu yote nikatabasamu. Ilipopata moto ikaanza: ko, ko, ko.

Nikafungua tena. Nikafunga. Ko, ko, ko. Nikafungua mara ya tatu. Chuma hubeba sauti kikaisambaza kote, kwa hiyo bisibisi iliniletea kelele kila nilipoigusisha, na kichwani mwangu ilikuwa inagonga palepale, kulia. Nilikagua kila kinachozunguka upande ule. Mwisho niliipiga kava ya kulia kwa nyundo mpaka ikapasuka, ikabidi niipeleke kwa jirani aichomelee.

"Mgosi," aliniuliza, kama wanaume wa kwetu tunavyoitana, "hiyo injini imekukosea nini?"

Mwalimu alikuja kuuliza kazi yake mara tatu, na kila mara nilimwambia bado. Alipokuja mara ya nne injini ilikuwa inaunguruma na mimi nimechuchumaa mbele yake. Alisimama kushoto kwangu. Inaelekea alisema neno, akalirudia. Nilichokijua ni fimbo yake ya kutembelea ikinichoma begani, na sauti ileile ya darasani:

"Nakuuliza! Wewe kiziwi?"

Niliinuka na kofi. Lilimpata shavuni, miwani ikarukia kwenye vyuma. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Watu wengi wameniambia kwamba hasira ilinipofusha, na mimi huwaacha waamini hivyo. Kofi la kwanza, sawa. La pili nililipiga nikiwa na akili zangu zote. Alianguka juu ya pipa la oili chafu, mdomo ukapasuka, damu ikachirizika kwenye shati lake jeupe.

Madereva wa bodaboda walioegesha ng'ambo ya barabara walivuka mbio. Wa kwanza alinipiga na helmeti mdomoni. Nililitema jino nikiwa bado nimesimama. Kisha nikawa chini. "Unampiga mzee? Unampiga mwalimu?" Viatu mbavuni, viatu mgongoni. Mmoja alishika mnyororo wa pikipiki kutoka kwenye meza yangu mwenyewe akanichapa nao. Sikuona aliyenisaidia, niliona tu miguu ikirudi nyuma: jirani yangu alikuwa ametoka na chuma alichokuwa akikichomelea, ncha bado nyekundu, anakizungusha huku akitukana kwa Kishambaa matusi ambayo sijawahi kumsikia mtu mzima akiyatamka mchana. Muda wote ule hakuna aliyezima pikipiki. Ilikuwa inagonga tu.

Mwalimu walimpeleka hospitali, mimi nikapelekwa polisi. Siku ya tatu alituma neno kwamba hana kesi, tumalizane kwa wazee. Kwa wazee nilimpigia mwalimu magoti, mke wangu akiona, nikaomba msamaha. Waliniuliza sababu. Nikasema ni hasira.

Nyumbani mke wangu alikuwa akinikanda mbavu kwa maji ya moto. "Ulipompiga ulijisikiaje?" akauliza.

"Vizuri," nikamwambia. Aliacha kunikanda.

Baada ya wiki mbili mwalimu alirudi kibandani, mdomo una nyuzi. Nilimwamkia. Akaitikia.

"Nilikufundisha wapi?"

Nikamwambia. Shule, darasa, dirisha, ukungu. Nikamwambia habari ya sikio kwa sauti kubwa, jirani anasikia, wateja wawili wanasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumbuki," akasema. "Nisikudanganye. Niliwapiga wengi."

Nilingoja aongeze jambo. Alisema, "Iwashe."

Nikaiwasha. Ilipopata moto na kuanza kugonga, mzee aliinama, mikono magotini, akaizunguka polepole. Akasimama, akanyoosha kidole.

"Iko huku."

"Haiwezekani, mwalimu. Iko kulia."

"Iko kushoto, kijana wangu. Ndani ya kava hii. Huisikii ilivyo—"

Hakumaliza. Aliangalia sikio langu, akaangalia kidole chake, kisha akatafuta mahali pa kukaa. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, na mimi nikajishughulisha na kufungua kava ili nisimwone.

Ilikuwa kushoto. Gurudumu la magineti, lile linalozalisha umeme wa pikipiki, limeshikwa kwenye kitovu chake kwa ribiti, vijiti vya chuma vilivyopondwa ncha, na ribiti zile zilikuwa zimelegea. Zikiwa baridi zinatulia; zikipata moto gurudumu linacheza na kugonga kama konrodi iliyokufa. Nilikuwa nimelitoa na kulirudisha mara tatu, nalipangusa vizuri, sijawahi kulitikisa. Mimi na jirani tuliligongea ribiti mpya. Injini ikaunguruma safi.

Mwalimu alikwenda nayo hadi Soni kuijaribu, akarudi. Wakati wa kuondoka alikuwa amesimama kushoto kwangu. Akaizunguka pikipiki, akaja upande wa kulia, ndipo akasema, "Baki salama, fundi." Samahani hakuisema. Sijamwona tena.

Baada ya miezi kadhaa yule dereva aliyenivunja jino alikuja kumwaga oili. Alisimama mbali, kofia mkononi.

"Fundi, samahani kwa siku ile."

Nikamwambia alete pikipiki. Nilipokuwa nafungua nati ya chini alichuchumaa karibu nami, akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda, hakikunjiki.

"Na mimi alinifundisha. Hii ni fimbo yake, darasa la sita."

"Na bado ukanipiga mimi?"

Alishangaa kweli, kama nimeuliza jambo ambalo mtoto analijua.

"Si ulimpiga mwalimu?"

Oili ilianza kutoka, nyeusi, ya moto. Nikasogeza beseni.