Maziwa Katika Chupa ya Chai

Mdogo wangu alifariki Kilolo wiki chache baada ya kujifungua pacha, na mama yetu akawapokea wajukuu wake bila kuuliza atawezaje. Mimi nilikuwa nikifundisha Mbeya. Kazi yangu ikawa kutuma maziwa ya kopo.

Baridi ya Kilolo mwezi wa Julai huwatesa hata watu wazima. Mama aliapa kwamba watoto wa marehemu hawatameza kitu cha baridi nyumbani mwake. Kila alfajiri alikoroga maziwa ya siku nzima, akayatia katika chupa ya chai, ile yenye maua mekundu iliyokuwa ikitolewa kwa ajili ya wageni tu, na kuwanywesha kutoka humo hadi jioni. Kila alipoisafisha, aliisuuza kwa maji ya moto na kuifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Sijaona uangalizi uliozidi ule.

Pacha wa kiume aliharisha, akaishiwa nguvu, akafia hospitalini. Nilipitia hospitalini nikitoka Mbeya, na daktari akaniuliza maziwa yalitunzwaje. Nilipomweleza, alisema kwamba huenda ndiyo yaliyomdhuru: vijidudu huzaliana katika maziwa yanayokaa vuguvugu, chombo kiwe kisafi namna gani.

Nilifika msibani nikikusudia kuyahifadhi maneno hayo mpaka matanga yaanuliwe. Lakini nilimkuta mama mkekani kati ya wanawake, pacha wa kike mapajani, mkono wake ukifungua kifuniko.

"Mama, usimpe hayo."

"Ni ya leo asubuhi. Shika, bado moto."

"Ndiyo maana usimpe. Yakorogwe kwa maji yaliyotoka kuchemka, kila anapotaka kunyonya, yapozwe, anywe. Yanayobaki yamwagwe."

"Haya," shangazi akasema, "mwalimu kaja na ubao wake msibani."

Baadhi walicheka. Mama hakucheka.

"Na yule mwenzake?" aliniuliza.

Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba ukweli usicheleweshwe kwa kisingizio cha huruma, na saa ile sikuona njia ya kuwa mtu mwingine.

"Huenda, mama."

Alinikabidhi mtoto polepole, kama anayerudisha kitu alichoazima. "Mlishe wewe."

Mtoto yule sasa yuko darasa la pili, Mbeya, na ana afya njema. Twendapo Kilolo, bibi yake humsikiliza akisoma, humtania, humchomea mahindi. Lakini hajampa tena kitu cha kunywa kwa mkono wake. Mtoto akimwomba hata maji, mama huniita mimi.