Wananingoja Nichague Gari, Mimi Nawaza Ng'ombe

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pole na kazi. Nifichie jina kabisa, maana shemeji yangu anausoma ukurasa huu kuliko anavyosoma Biblia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, fundi cherehani, naishi Ngokolo hapa Shinyanga. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Bugarama, nyumbani anaonekana akiwa ofu tu. Mama yake, ambaye sote tunamwita Mayu, anaishi Segese, na figo zake zimechoka. Kila wiki lazima aje mjini kusafishwa damu hospitali. Tumemwomba ahamie kwangu mpaka midomo imekauka. Anasema akiondoka yeye, kaya imekufa, na ukimbishia anakuuliza kama umewapa kuku maji.

Majuzi alianguka akishuka kwenye basi pale Kahama. Ndipo wanaume wakakaa kikao, wakaamua linunuliwe gari la kumbeba Mayu. Hela zitoke wapi? Wauzwe ng'ombe wa mahari ya binti yetu, aliyeolewa huko upande wa Geita. Ng'ombe wenyewe wako zizini kwa Mayu. Nilikubali, tena kwa moyo mweupe.

Balaa likaja kwenye gari gani. Mume wangu kang'ang'ania la umeme mtupu. "Mama watoto, hakuna petroli, hakuna oili, unachaji kama simu!" Shemeji, ambaye ana karasha ya kusaga mawe ya dhahabu palepale Segese, yeye anataka haibridi ya kuchomeka, chaji ikiisha linaendelea na petroli. Mimi fundi wa magauni nikasema jamani, tuchukue haibridi ya kawaida, inajichaji yenyewe ikitembea, na mafundi wa hapa mjini wameshaizoea. Wakanicheka. Eti nina mambo ya kizamani!

Mume wangu akaazima gari la umeme kwa rafiki yake ili atukomeshe. Akalichomeka kwa shemeji kuanzia asubuhi. Sasa anayeijua Segese anajua, karasha zikianza kusaga, umeme unakuwa wa kuombea. Taa zenyewe zinawaka kama zina homa. Kutwa nzima karasha zilisaga, na kesho yake chaji haijafika hata nusu. Mume wangu akasema tutafika tu. Mimi nilikuwa nimekwenda kumfuata Mayu, nikampakia, tukaondoka. Lilizima kabla ya Tinde, katikati ya jua. Mayu akakaa chini ya mti wa miiba, kanga kichwani, akicheka peke yake, "Ng'ombe hata akichoka, ukimchapa anainuka." Tulipopata usafiri mwingine, zamu yake ya mashine ilikuwa imepita. Alivimba miguu mpaka kandambili hazikuingia. Nililia, sikujificha.

Mume akamwambia mdogo wake kosa ni la karasha yake. Mdogo mtu akajibu, "Karasha yangu ndiyo inawalisha wote mnaopiga kelele hapa." Tangu hapo hawasalimiani. Kila mmoja ananipigia simu kivyake, na neno lao ni moja, "Wewe ndiye mama wa binti, ng'ombe ni wa mwanao, sema wewe basi." Nilikuwa tayari kusema. Haibridi ya kawaida, waninunie wote wawili, potelea mbali.

Ila siku nilipotaka kusema, Mayu alitoka hospitali akapumzika kwangu, mimi nikiwa napinda pindo la gauni. Akaniita, "Ng'wanone," yaani mwanangu, "acha cherehani." Nikaacha. "Usichague gari lolote."

Nikadhani ni mashine zimemchosha. Nikamwambia, Mayu, lile la umeme hatulichukui tena, usiogope. Akatikisa kichwa. "Mwanao anapigwa. Alikuja kwangu wakati wa kuvuna, mgongo wote umechanika. Kaniambia nisikwambie, una shinikizo la damu. Anataka kurudi. Mumewe kasema rudisheni ng'ombe wangu kwanza, ndipo aondoke na mtoto. Sasa mkiuza, atarudi na nini?"

Nilikaa na gauni mkononi, sikujua hata niliweke wapi. Binti yangu. Kila Jumapili ananipigia, ananiuliza nimekula nini, ananichekesha, kumbe.

Nikamwambia Mayu basi niwaeleze wanawe. Akanikamata mkono, na ule mkono wa sindano za hospitali hauna nguvu lakini alinishika. "Mume wako akijua atakwenda Geita na panga, utapoteza wawili. Waache ng'ombe zizini. Mimi hilo basi la mjini sitalipanda tena. Nikikaa nyumbani nitakwenda taratibu tu, nimeshaona wajukuu." Akaniomba maji. Akanywa, akalala, akakoroma kama hajasema kitu.

Ndugu zangu, nikisema gari, lolote lile, namfungia mwanangu mlango wa kurudi. Nikikaa kimya, Mayu anakufa, na yeye ndiye aliyenipokea kwenye kaya ile nikiwa sijui hata kusonga ugali wa watu wengi. Nikiutoa ule ukweli, naogopa panga. Nimempigia binti yangu, akasema "niko salama mama," na mimi nikajifanya nimeamini. Wiki hii Mayu hakuja hospitali. Kasema ana mgeni.

Mnunuzi wa ng'ombe anakuja na lori Jumamosi, linangojwa neno langu tu. Shemeji anasema nimeshindwa kuelewa mambo ya betri. Leo mume wangu kanitumia picha za magari yote matatu, kaandika, "Kama aina inakuchanganya, mama watoto, chagua hata rangi."

Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi, mngemjibu nini?