Chacha na filamu isiyoogopa jua

Hadi sasa naandika na kichwa kinakataa. Chacha hayupo. Nimekaa kwenye steshenari yetu hapa Kerende, koti lake bado liko msumarini, na nina hasira naye hata sijui niiweke wapi.

Ndiyo, hasira. Mnaonitumia pole inbox, asanteni, ila acheni kuniambia nisilie. Silii. Nimechukia.

Ilikuwa presha. Aliambiwa apumzike, aliambiwa asiruke dawa. Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Wiki ijayo nitaenda, Robi. Ngoja nimalize filamu kwanza."

Kwa msiomjua: baba yake alikuwa mpiga picha kule Issenye, anazunguka na baiskeli na kamera ile ya zamani inayotoa picha hapo hapo. Mzee alipofariki kamera ikabaki, ila filamu zake viwanda viliacha kutengeneza siku nyingi. Mtu mwingine angeiweka kabatini iwe pambo. Chacha akaapa ataifufua.

Na yote hayo kwa ajili ya bibi yake, Bibi Bhoke wa Itiryo. Bibi hataki simu. Ukimwelekezea anafunika uso na khanga. "Unaniweka humo halafu unaondoka na mimi. Unanipeleka wapi?" Kwake picha ni ile anayopewa mkononi, ikabaki nyumbani kwake.

Basi Chacha akawa anachukua filamu za hizi kamera ndogo za kisasa za maharusi, anapachika karatasi moja moja kwenye kaseti ya zamani ya kamera ya baba yake. Anafanyia ndani ya koti lililogeuzwa, mikono imezama kwenye mikono ya koti, mwanga usiingie. Mteja anasubiri passport, yeye yuko ndani ya koti. "Robi, mhudumie huyo, siwezi kutoa mikono." Nilikuwa natamani kumpiga na stepla.

Na biskuti zake. Anakula, halafu zile karatasi za kung'aa anazijaza kwenye droo. Nikizitupa tunagombana. Nikamwambia unatuletea panya dukani, akasema panya hawana shida na mtu.

Filamu zilitoka Kenya. Mara moja binamu yake wa Isebania alileta boksi limekaa kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa. Kila picha ikatoka rangi ya chai. Binamu wala hana habari: "Si ulisema ni ya picha? Sasa picha inaogopa jua aje?" Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Chacha hakucheka.

Siku filamu ilipokubali, alimpiga bibi picha mlangoni kwake. Ilianza kutokea safi kabisa. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo nje moja kwa moja, akaianika kwenye ungo juu ya mihogo yake ya udaga, jua la saa saba linawaka. Ndivyo walivyofanya enzi za mzee. Picha zile zilitoka mbichi, zinaanikwa mpaka zikauke.

Hii mpya jua hailiwezi. Ikavimba malengelenge, ikawa rangi ya chungwa, bibi akapotea humo ndani.

Njiani kurudi nikamwambia, mura, kijana wewe, mwambie tu bibi asianike. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

"Bibi ameanika picha tangu mzee akiwa hai. Leo nimwambie amekosea? Filamu ndiyo imekosea. Nitairekebisha filamu."

Mnaelewa sasa nilikuwa nafanya kazi na mtu wa aina gani? Sentensi moja tu ya kumwambia bibi, yeye akachagua kuhangaika miezi na miezi.

Mwezi huu akaniambia imekaa vizuri, ila anataka testing kidogo, asimwaibishe bibi tena. Nikamwambia nenda Itiryo Jumamosi. "Wiki ijayo." Ijumaa akaanguka hapa hapa, kati ya printa na mlango.

Tumemzika jana, nyumbani kwa bibi Itiryo. Juu ya jeneza waliweka picha iliyotolewa kwenye WhatsApp yake, ameshika soda, sura ina ukungu. Bibi akaikataa. "Hiyo ni ya nani? Mimi nataka yangu na mjukuu wangu."

Kamera ilikuwa begani kwangu. Sikutaka ibaki dukani peke yake. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya filamu aliyoipachika mwenyewe.

Nikampiga bibi picha, amekaa kando ya jeneza, mkono wake juu ya mbao. Nikazungusha kishikio, picha ikatoka. Bibi akanyoosha mikono miwili.

Nilijua inakwenda wapi. Nikafungua mdomo nimwambie. Haki ya Mungu, yakanijia ya Chacha: "Leo nimwambie amekosea?" Nikampa, na yeye akaenda nayo kwenye ungo wake.

Sikuweza kuangalia. Nikaenda kuwasaidia kina mama kusonga ugali, nalaumu kila mtu kimoyomoyo, Chacha wa kwanza.

Niliporudi ndipo nikaona. Picha yote ilikuwa imefunikwa na karatasi ya biskuti, upande unaong'aa ukiwa juu, Chacha ameibandika ukingoni kwa ustadi, iifunike picha ikitoka; mimi nilikuwa namwangalia bibi, sikuigundua. Jua limepiga weee, limerudi lilikotoka. Bibi akaifunua taratibu. Yupo. Mkono upo. Hata maua ya khanga yanaonekana.

"Hii ndiyo yangu," akasema, akaiweka kifuani.

Ulikuwa umemaliza, Chacha. Umemaliza kabisa, halafu ukakaa nayo. Kwenye picha hiyo ungekuwa wewe, umekaa kando yake, unapumua, sio ubao. Hilo siwezi kukusamehe leo.

Labda wiki ijayo.

Lala basi, mura. Picha ya bibi imekauka.