Chumba Kilichokaa Juu ya Korido ya Jirani

Tegwen Nyama alikuwa hajawahi kumiliki kitu kikubwa kuliko baiskeli. Tunamwita hivyo kwa sababu yuko buchani tangu ana miaka kumi na saba, kama mimi ninavyoitwa Morfudd Mkate kwa ajili ya duka langu, na kama mzee wa nyumba namba sita anavyoitwa Iorwerth Kinanda kwa kuwa alipiga kinanda kanisani miaka arobaini. Hapa Caerelen, katika Wales yetu hii ya mvua, majina ya ukoo ni machache mno. Bila kutaja kazi ya mtu hujui unamsengenya nani.

Miaka ishirini na sita Tegwen alipanga nyumba namba nne, pale chini ya ukuta wa ngome, inayopakana na ya Iorwerth. Mwenye nyumba alipofariki mwaka huu, warithi wakampa Tegwen nafasi ya kwanza ya kununua: amalize kila kitu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nyumba inaingia sokoni. Ikiingia sokoni tunajua inakwenda wapi. Mtaa wetu una nyumba kumi na moja, na saba ni za watu wa likizo, zina visanduku vya funguo mlangoni. Wenyewe tunawaona Agosti wakiuliza pa kuegesha gari. Mimi sina ugomvi na mgeni. Nina ugomvi na dirisha lisilowashwa taa toka Oktoba hadi Pasaka.

Benki ilikubali kumkopesha, halafu mwanasheria akagundua jambo. Watu waliojenga mtaa huu miaka mia nne iliyopita hawakujali mipaka. Chumba cha kulala cha Tegwen hakiko juu ya nyumba yake. Kinavuka ukuta na kukaa juu ya korido ya Iorwerth. Benki ikasema haitoi hata peni mpaka jirani atie saini hati ya kuahidi kwamba hatabomoa kuta zinazobeba chumba hicho, na kwamba fundi ataruhusiwa kuingia pakiharibika. Iorwerth akapelekewa hati. Wiki tatu zikapita, kimya.

Wala si ajabu, maana Iorwerth alikuwa hajasema na Tegwen kwa miaka kumi na moja.

Ilianza siku ya mazishi ya Nesta, mke wa Iorwerth. Kwetu jeneza likipita, mtaa mzima hufunga mapazia, na asiyefunga amemtukana marehemu na wafiwa wote. Siku ile mapazia yalifungwa kila nyumba isipokuwa kwenye chumba kile kile, juu ya mlango aliotolewa Nesta. Iorwerth aliinua macho akaona. Nilikuwa nyuma yake, nikaiona shingo yake ikiiva kwa hasira. Tangu hapo akipishana na Tegwen hutazama ukuta. Na Tegwen, badala ya kwenda kujieleza wiki ile ile, akaona haya, haya ikageuka kiburi, basi. Nimemsema mpaka nimechoka. Kichwa chake ni kigumu kama mifupa anayoipasua.

Alhamisi saa nane mchana akaingia dukani kwangu na aproni yake ya damu.

"Funga duka," akasema. "Hati inataka shahidi asiye ndugu."

"Shahidi wa nini? Wa wewe kufukuzwa?"

"Morfudd, nikianza kujibizana na wewe sitakwenda."

Nikafunga. Tulipobisha hodi, Iorwerth alifungua akiwa na tai shingoni, kama kawaida yake, ingawa haendi popote. Alinitazama mimi peke yangu.

"Mkate nimeshanunua, Morfudd."

"Sijaleta mkate, Mzee. Nimemleta huyu."

"Huyu nani? Mimi sioni mtu."

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nafungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini Tegwen akanipita akaingia hadi katikati ya korido.

"Mzee Iorwerth, yale mapazia. Nilisahau."

Mzee akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu mazishi.

"Ulifanya nini?"

"Nilisahau kuyafunga. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukata nyama ya chai ya mazishi, ile ya waombolezaji wakitoka kuzika, nyama ya watu mia mbili. Nilipokumbuka, jeneza lilishavuka daraja. Sina sababu nyingine."

Nilijua haitoshi. Mtu hawezi kubeba donge miaka kumi na moja halafu umwambie lilikuwa la bure.

"Nimetafuta Nesta alikukosea nini," Iorwerth akasema polepole. "Nimepekua hata barua zake. Nikasema labda palikuwa na neno baina yenu, akanificha. Nimemshuku mke wangu kaburini. Na wewe unaniambia ulisahau."

"Ndiyo."

"Ungesema ulimchukia, ningekuelewa."

"Nilimpenda, Mzee. Nilisahau tu."

Mzee akaingia jikoni. Tukasikia droo ikivutwa. Niliamini kabisa anakuja kuichana hati mbele yetu, nikamshika Tegwen kiwiko tayari kumtoa nje. Akarudi na hati na kalamu, akaiweka hati kwenye ukingo wa dirisha, asiandike kitu.

"Mwezi wa nne ulikwenda kwa dada yako wiki mbili," akasema.

"Ndiyo, alikuwa mgonjwa."

"Wiki hizo mbili nililala jikoni, kwenye kiti."

"Kwa nini, Mzee?" nikauliza.

Akaonyesha dari kwa kalamu. "Huko juu hapakuwa na mtu. Mbao zikilia asubuhi najua kuna mwenzangu ameamka. Toka Nesta afe, sisikii hatua nyingine humu ndani. Na hizo zenyewe nazitafuta kwa taabu, mtu ananyata kama mwizi."

"Navua viatu," Tegwen akasema. "Nilidhani nikikanyaga utazidi kunichukia."

"Nilikuchukia. Lakini nilikuwa nasikiliza."

Akatia saini. Tegwen akatia yake, nami yangu. Mzee akanipa mimi hati, si Tegwen.

"Mwambie sijamsamehe."

"Yuko mbele yako. Mwambie mwenyewe."

Akamgeukia Tegwen. "Sijakusamehe," akasema. "Ipeleke leo. Mwanasheria hufunga saa kumi na moja."

Ijumaa saa tano na robo nyumba ikawa ya Tegwen. Nilimpelekea keki ya zabibu kavu nikitegemea kumkuta anacheza. Nilimkuta mlangoni pa chumba cha juu, amesimama na soksi, mabuti yake ya buchani mkononi.

"Nivae?" akaniuliza.

"Vaa."

Akavaa. Akatembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena, kwa uzito wake wote, huku analia. Mbao zililia naye. Chini yetu tukasikia kiti kikiburutwa hadi kwenye korido, kisha mtu akakaa.