Ladha ya Kufuli

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu alikunywa chai yangu bila neno. Kisha asubuhi moja, hapa mtaani Kaptembwo, shavu likiwa limemvimba kwa sababu ya jino, alichukua funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza kama mtu anayemeza mwiba.

"Umeweka nini hapa?"

"Maziwa, majani, sukari. Kuna nini ingine?"

"Iko na ladha ya kufuli."

Nikamwambia alambe kufuli la mlango basi, tulinganishe. Hakucheka. Alinitazama mimi, kisha kikombe, kisha mimi tena. Tangu siku hiyo hakunywa chai yangu.

Alikuwa ameandikiwa vidonge vya jino. Nyumbani kwetu kidonge humezwa na chai. Maji baridi ni ya kunawa uso. Kwa hiyo alipoacha chai, aliacha na vidonge. Sikuona. Mimi nilikuwa nimekasirikia kikombe kinachorudi kimejaa. Uvimbe ulishuka shingoni, akapelekwa wodini, na hakurudi.

Tulimzika Kuresoi, kwenye shamba la baba yake. Siku hiyo nilipika chai ya waombolezaji mwenyewe. Nilimpelekea wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye alikuwa amesimama tangu alfajiri bila kuweka kitu mdomoni. Akapokea kwa mikono miwili, akasema asante. Baadaye niliona nyuma ya ghala udongo umelowa chai ya maziwa, nzi wamekusanyika, na kikombe changu kimepinduliwa kando yake. Ndipo nilipojua kwamba marehemu alikuwa amempigia simu akamwambia habari ya ladha ya chai yangu.

Hakuna aliyeniita muuaji. Kule watu hawakwambii. Wanaacha tu kunywa.

Miezi miwili baadaye nilipanda tena Kuresoi kuchimba viazi, kwa sababu viazi havingoji matanga. Jembe likanipata mguuni, juu ya kidole kikubwa. Wifi alinifunga kwa kipande cha leso. Nilipokuwa nikiondoka alinipa chupa ya maziwa, akasema, "Uchemshe vizuri." Hatukuwa tumezungumza maneno mengi kuliko hayo siku nzima.

Kufika Kaptembwo mguu ulikuwa umevimba, unatoa maji yenye harufu. Kwenye kliniki moja ya Rhonda, mtaa wa jirani, wakaosha kidonda, wakanipa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Nikavimeza na chai. Na maziwa yalikuwa yale ya wifi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, jua likiwaka kwenye mabati, nilichukua funda la chai na mdomo wangu ukajaa chuma. Kilitoka kwenye ulimi, kikashuka kooni, kikapanda puani. Nikatema. Nitaandika ukweli: jambo la kwanza nililowaza ni wifi. Amenilipiza. Nilichukua chupa ile nikamwaga maziwa kwenye mtaro nje, mbele ya majirani, tena nikasuuza mikono.

Nikapika chai ya rangi. Chuma. Nikanywa maji ya mtungi. Chuma. Ugali, chuma. Nikakaa bila kula chochote, na mate yangu yenyewe yalikuwa na ladha ya kitu kilicholala mvuani. Nilipokwenda choo, mkojo ulitoka wa kahawia, kama strungi, ile chai ya rangi. Kwenye kioo cha mlangoni ulimi wangu ulikuwa na utando, kama ukuta wa jikoni. Nililala mchana kwa kizunguzungu, na nilipoamka nilihisi kuna mtu ameketi kwenye kiti cha mume wangu, kile cha pembeni, akiwa ameshika kikombe ambacho hanywi. Hakuwepo mtu. Lakini nilizunguka kiti kile kwa mbali.

Kesho yake nilikwenda kibandani, maana kazi yangu ni kupikia watu wa mjengo. Sikuweza kuonja. Nilitia chumvi kwa kukisia.

"Mathe," mmoja akaita, "haya maharagwe umeyapika kwa chumvi yote ya Magadi?"

"Mwache," mwenzake akasema. "Anatuhifadhi tusioze."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, na hata kicheko kilikuwa na kutu.

Niliporudi nyumbani nikajaribu chai mara moja zaidi. Nikaishikilia mdomoni. Nikameza. Kisha nikasikia sauti chumbani ikisema, "Umeweka nini hapa?"

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa peke yangu, nimekikodolea macho kikombe cha chai niliyopika mwenyewe, na nilikuwa nimeyasema maneno yake, kwa mwendo wake ule ule.

Sikuogopa kama nilivyodhani mtu huogopa. Niliinuka nikachechemea hadi kwenye gunia la nguo zake, ambalo sikuwa nimelifungua tangu mazishi. Mfukoni mwa koti la kazi nilipata bahasha ya karatasi. Nikatoa kidonge kimoja, nikakiweka mezani karibu na changu. Ukubwa mmoja, rangi moja, mstari ule ule katikati.

Nilirudi kliniki na vyote viwili. Muuguzi hata hakushangaa. "Ni dawa hiyo, mama. Inafanya mdomo kuwa chuma, na mkojo kubadilika rangi. Ukimaliza, inaisha. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Basi meza ukishakula, na maji. Na usiachie katikati."

Usiachie katikati. Nilirudi maneno hayo yakiniuma kuliko kidonda cha mguuni.

Nilimeza vidonge vyangu vyote vilivyobaki. Kila siku nilikuwa na ladha yake mdomoni, mchana kutwa, na nilijua kwamba yeye alikuwa amekaa ndani ya ladha hiyo peke yake huku mimi nikimwambia alambe kufuli.

Siku ya kidonge cha mwisho nilikimeza asubuhi, nikapanda Kuresoi. Nilimkuta wifi jikoni. Nikamwomba chai. Akapika mbele yangu, kwa maziwa ya ng'ombe wake, akaninawisha mikono, akanipa. Mwenyewe hakujimiminia.

Nilikunywa. Uso wangu ulinisaliti, akaona.

"Ina nini?"

"Iko na ladha ya kufuli," nikasema.

Akaketi chini palepale, kwenye gunia la viazi. Ndiyo maneno aliyokuwa ameyasikia kwenye simu, na safari hii chai ilikuwa ya mikono yake. Nikampa vile vidonge vya koti. Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba maziwa yake niliyamwaga mtaroni, na nilichomdhania.

Alinyoosha mkono akachukua kikombe changu, akakigeuza, akanywa pale pale midomo yangu ilipokuwa. Akashikilia funda lile mdomoni muda mrefu, macho yameelekea mlangoni, shambani, upande wa kaburi.

"Iko sawa," akasema. "Chai iko sawa kabisa."

Akainywa yote, machozi yakimdondokea humo, kisha akainuka kuosha kikombe.