Begi la Theluji la Madam

Siku niliyopigiwa simu kwamba mwanangu Alvin amefariki, madam wangu hakunipa pole.

Alinishika mkono, akanipandisha ghorofani hadi kile chumba kinachofungwa mwaka mzima. Akanikalisha kitandani, akaniwekea begi jeusi mapajani, akaniambia, "Vuta."

Nilidhani amerukwa na akili. Au ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo ndio unielewe.

Naitwa Metrine, mtu wa Bungoma. Huu ni mwaka wangu wa nne nikifanya kazi ya nyumba hapa Al-Hamra, Jeddah. Madam ni mama wa makamo, mpole lakini mkimya. Baba, mumewe, yuko safarini nusu ya mwaka. Nakula wanachokula wao na simu yangu nakaa nayo. Ukisikia stori za wenzangu utajua nilibahatika.

Kitu kimoja tu kilinishinda kuelewa kwa hiyo nyumba. Begi.

Kila Novemba madam analitoa chumbani, tunaingia gari na dereva, tunakata barabara karibu siku nzima hadi Riyadh. Safari yote analipakata kama mtoto mchanga. Tunaenda Al-Sulay, kule kwa magodauni, kwenye karakana moja ya mitungi ya kuzimia moto. Fundi ni Mkenya mwenzangu, Wesley, jamaa wa Kericho.

Mara ya kwanza nilimuuliza hilo ni begi gani la kupelekwa kliniki.

Akanieleza. Ni la watu wanaoteleza kwenye milima ya theluji, huko Ulaya. Theluji ikiporomoka, unavuta mpini, puto linajaa kwa sekunde chache na kukuinua juu ya theluji, usizikwe ukiwa hai.

"Theluji gani, Jeddah hii?" Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Wesley hakucheka. Alisema tu ni la kijana wa madam.

Yasir. Nilijua jina, na picha zake zilijaa ukutani. Nilipouliza alipo, madam alisema yuko mbali. Nikaona basi wamekosana, mambo ya matajiri hayo, hayanihusu.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo mengi. Wesley anapima mtungi kwa mizani ndogo, maana gesi huvuja kimya kimya bila mwenyewe kujua. Anavuta mpini, puto linafura, analikagua kila mshono. Halafu anajaza mtungi upya na kulikunja puto taratibu lirudi mahali pake. Mwisho anabandika karatasi kwenye mtungi, tarehe na jina la mwenye begi. Mwaka wa pili mipira ya ndani inayoziba gesi ilikuwa imekauka, ikabadilishwa. Mwaka wa tatu mtungi ulikuwa umezeeka, ukanunuliwa mwingine.

"Watu hudhani wakishanunua wamemaliza," Wesley aliniambia. "Kununua ni mlango tu. Hii kitu unailipia mpaka siku utaitupa."

Bili ya mwaka huo ilizidi mshahara wangu. Kwa begi lisilovaliwa na mtu! Nilirudi Jeddah nimenuna njia nzima, nikiwaza nyumba yangu Bungoma imesimama bila mabati.

Hapo ndipo penye kidonda changu.

Alvin alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Lakini akienda kliniki kila mwezi na kumeza dawa kila siku, alikuwa mtoto kama wengine, anacheza mpira na kupigana na wenzake. Dada yangu Hannah ndiye aliyemlea. Mimi nilituma pesa ya dawa na ya kliniki, sikukosa mwezi.

Sasa unajua sisi watu wa Saudi. Ukirudi bila nyumba, kijiji kinakuuliza ulikuwa umefungwa jela gani. Na fundi wa mjengo alikuwa ananisumbua, eti kuta zikipigwa na mvua zitaanguka.

Nikamtumia Hannah sauti kwa WhatsApp. Bado iko kwa simu, sijaweza kuifuta. Nilimwambia, "Miaka miwili huyo mtoto hajalazwa hata siku moja. Sasa tunalipia nini? Wacha kliniki ingoje kidogo, tununue mabati."

Hannah alibisha. Akasema hajalazwa kwa sababu ya hiyo kliniki. Nikamjibu asinifundishe, mtoto ni wangu.

Mabati yalipanda mwezi wa nne. Mwezi wa tano, bila zile dawa za kliniki, Alvin akashikwa na malaria, damu ikamwishia kwa siku mbili. Alikuwa na miaka tisa.

Sasa turudi kwa kile chumba.

"Vuta," madam alirudia.

Nikavuta. Kitu kikalia kwa kishindo, puto jekundu likafura na kunisukuma kifuani, kubwa kunishinda. Nikalikumbatia, sijui kwa nini, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Madam akakaa sakafuni, miguuni pangu. Sikuwahi kumwona akikaa chini mbele ya mfanyakazi.

Akaniambia Yasir alikufa miaka saba iliyopita. Theluji ilimfunika akiwa na begi hilo hilo mgongoni. Walipomfukua walimkuta ameshika mpini, ameuvuta hadi mwisho. Mtungi ulikuwa mtupu.

"Aliniomba pesa alipeleke kwa fundi," akasema. "Nikamwambia, miaka minne hujalivuta hata mara moja. Sasa tunalipia nini?"

Maneno yangu yale yale. Madam hajui Kiswahili, na hakuna aliyemwambia nilichomwambia Hannah.

Ndipo nikamweleza yangu, kwa Kiarabu changu cha jikoni. Hakuniambia si kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo. Alinishika mkono tu, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Baba alinitolea ruhusa ya kusafiri haraka, nikaenda kumzika mwanangu. Siku ya mazishi ilinyesha. Watu wakajikinga ndani ya nyumba yangu mpya, wakasifu mabati, eti hayavuji hata tone. Alvin naye alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza, hanyeshewi. Niliona aibu hata kuinua macho.

Novemba hii tulirudi Al-Sulay. Wesley akajaza ule mtungi niliokuwa nimeumaliza, akavuta, akakagua, akakunja. Akasema kitambaa kimechoka, hata akilijaza hakuna mtu anayefaa kulivaa tena. Madam akafungua mkoba wake.

Nikamshika mkono. "Madam, halas, basi. Mwaka huu nalipa mimi."

Hakukataa. Wesley alipochukua karatasi ya kubandika, aliandika tarehe na kuanza jina la Yasir kama kawaida.

"Acha nafasi," madam akamwambia. "Andika na Alvin."

Wewe unayesoma, kama kuna kitu nyumbani kwako unakilipia kila mwezi na huoni kazi yake, usikikate kabla hujauliza vizuri. Mimi niliambiwa na dada yangu, nikajibu kwa kiburi. Mtoto kutolazwa ndiyo ilikuwa kazi ya ile kliniki, na nilikuwa nimeilipia miaka yote bila kuiona.